Kipakatalishi bila kalamu: Historia ya kichakata matini na nafasi ya Kiswahili

KILA vyuo vinapofunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufika na vipakatalishi vidogo vipya, vyepesi kama daftari, na haziishi wiki mbili kabla ya swali lile lile kuulizwa: “Prof, nimenunua mashine lakini haina programu ya kuandikia. Nitaipata wapi?” Wengine wameikuta programu yenyewe imo, ila baada ya siku kadhaa inaanza kuwadai pesa. Wengine tayari wameelekezwa kwa kijana fulani mjini ambaye, ati, huweka kila kitu kwa mia tano.

Swali hili ni dogo kwa sura tu. Ndani yake mna historia ya zaidi ya nusu karne, na mna suala la lugha ambalo wasomi wa Kiswahili hawalizungumzii vya kutosha: je, chombo tunachoandikia kinaijua lugha tunayoiandika? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba bei ya mashine imekuwa ikishuka muongo baada ya muongo, lakini kalamu iliyomo ndani ya mashine imebaki mikononi mwa anayeimiliki. Kiswahili nacho kiliwahi kutengenezewa kalamu yake ya bure, hapa hapa Afrika Mashariki, na wengi wetu hatuna habari.

Tuanze na jina, maana safu hii ni ya lugha. Chombo chenyewe nitakiita kichakata matini. Wapo wanaosema kichakata maneno, wakifuata Kiingereza neno kwa neno. Wengine husema tu programu ya kuandikia, nami sina ugomvi nao, kwa sababu kila mtu huwaelewa papo hapo. Hata hivyo, historia yaelekea kuwaunga mkono wanaosema matini. Mjerumani Ulrich Steinhilper, aliyekuwa muuzaji wa taipureta za kampuni ya IBM nchini mwake, ndiye anayehusishwa na neno Textverarbeitung katika miaka ya 1950. Text ni matini na Verarbeitung ni uchakataji. Kiingereza kilipolichukua wazo hilo kiliyageuza matini yakawa maneno. Basi anayesema kichakata matini amelirudia neno la awali, pengine bila kujua. Nacho kitenzi chakata tunakifahamu kutoka viwandani: samaki huchakatwa, kahawa huchakatwa. Wazo la msingi lilikuwa kwamba utoaji wa barua na ripoti ofisini unaweza kupangwa kama kazi ya kiwanda.

Mashine iliyopitia dirishani

Mnamo 1964 IBM ilitoa mashine iliyounganisha taipureta ya umeme na utepe wa sumaku. Uliyoyachapa yalihifadhiwa utepeni. Ukikosea, hukulazimika kuanza ukurasa upya. Ulirekebisha palipoharibika tu, kisha mashine ikauchapa ukurasa mzima yenyewe. Skrini haikuwapo. Mwaka 1968 mwandishi wa riwaya Len Deighton aliletewa mashine hiyo nyumbani kwake London. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 90, na kwa kuwa haikuweza kupitishwa mlangoni, dirisha liling’olewa na winchi ikaipandisha kutoka barabarani. Riwaya aliyoifanyia kazi kwa mashine hiyo, Bomber, ilitoka 1970, na watafiti huihesabu miongoni mwa riwaya za kwanza duniani kuandikwa kwa kichakata matini. Aliyeiendesha hasa mashine alikuwa katibu wake, Ellenor Handley. Jina lake lafaa kutajwa, kwa maana historia ya kuchapa ni historia ya wanawake ambao majina yao hayakuwekwa kwenye jalada.

Huku kwetu taipureta ya mkono iliendelea kutawala hadi ndani ya miaka ya 1990. Tasnifu yangu ya uzamili, katikati ya miaka ya 1980, ilichapwa na mama mmoja aliyelipwa kwa ukurasa, karatasi za kaboni zikiwa katikati ya nakala na chupa ya wino mweupe wa kufutia ikiwa kando yake. Msimamizi aliposema, “Hamisha aya hii iende sura ya tatu,” hiyo ilikuwa gharama ya kurasa ishirini. Ndiyo sababu tulifikiri sana kabla ya kuandika. Sisemi tulifikiri vyema kuliko vijana wa leo, la. Tulikuwa tunaogopa bili tu.

Katika enzi hiyo Kiswahili kilikuwa na bahati ambayo lugha jirani hazikuwa nayo. Tahajia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930 haina alama juu ya irabu. Irabu tano, konsonanti za kawaida za Kilatini, na kibainishi kimoja katika ng’. Taipureta iliyoundwa kwa ajili ya Kiingereza iliweza kuandika Kiswahili sanifu bila kubadilishwa hata kitufe kimoja. Mwandishi wa Kikuyu au Kikamba hakuwa na raha hiyo. Herufi ĩ na ũ hazikuwamo kwenye taipureta, na hata tarakilishi zilipokuja, orodha ya herufi iliyotumika sana Ulaya Magharibi ilikuwa na ã, ñ na õ za Kireno na Kihispania, lakini si ĩ wala ũ. Watu waliendelea kuchora viwimbi kwa kalamu juu ya karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ujio wa Unicode katika miaka ya 1990 ndio ulioweka msingi wa kuliondoa tatizo hilo. Bahati ya Kiswahili ilikuwa na upande wa pili, kama tutakavyoona: kwa kuwa herufi zake zilikubali kila mashine, wengi walidhani kwamba mashine zinakijua Kiswahili.

Mtoto asiyepakatika

Neno kipakatalishi limetokana na kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani, na tarakilishi. Ni tarakilishi ya kupakatwa. Ile ya kwanza ya kubebeka iliyouzwa kwa wingi haikuwa mtoto wa kupakatwa na mtu yeyote. Osborne 1, iliyozinduliwa Marekani mnamo Aprili 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, skrini ya inchi tano, na haikuwa na betri. Bei yake ilikuwa dola 1,795. Lakini lililowavutia watu halikuwa umbo lake. Ndani ya bei hiyo mnunuzi alipewa programu kadhaa, ikiwamo WordStar, kichakata matini kilichosifika kuliko vyote wakati huo. WordStar peke yake, ukiinunua dukani, ilikuwa karibu dola 500. Adam Osborne alikuwa ameelewa jambo ambalo wauzaji wengi bado hawajalielewa: mtu hanunui mashine, ananunua uwezo wa kuandika. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1983, ila somo lilibaki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mashindano. WordPerfect, iliyoanzishwa jimboni Utah na mwalimu wa chuo kikuu Alan Ashton na mwanafunzi wake Bruce Bastian, ndiyo iliyotawala ofisi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wenzangu wa rika langu wataikumbuka skrini yake ya samawati na maandishi meupe, na kile kipande cha karatasi kilichowekwa juu ya baobonye ili tukumbuke kazi za vitufe. Tasnifu yangu ya uzamifu iliandikwa humo, ikabebwa kwenye diski laini tatu zilizofungwa kwa mpira. Microsoft nayo ilikuwa imetoa Word mwaka 1983, kazi ya Charles Simonyi, mzaliwa wa Budapest, na Richard Brodie. Ili watu waionje, diski ya majaribio ilitolewa bure ndani ya toleo la gazeti la PC World la Novemba mwaka huo. Onja bure, ukizoea utanunua: mbinu hiyo haijazeeka hadi leo. Windows iliposhika soko katika miaka ya 1990, Word ilishika pamoja nayo, na mafaili yake yakawa ndiyo fomati ambayo kila ofisi inaitarajia. Kuanzia hapo swali halikuwa tena ni programu gani nzuri. Swali likawa ni programu gani itafungua faili niliyotumiwa na mhariri, na bodi ya mitihani, na ofisi ya dini.

Kijana wa Lüneburg

Kumbe wakati huo huo, katika mji mdogo wa Lüneburg, Ujerumani, kijana wa miaka 16 aitwaye Marco Börries alikuwa ameanzisha kampuni yake mwaka 1985, na bidhaa yake ilikuwa kichakata matini kilichoitwa StarWriter. Kampuni hiyo ilikua, programu zikaongezeka, na mwaka 1999 ikanunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani. Simon Phipps, aliyekuwa afisa wa Sun, alisimulia baadaye kwamba sababu kuu ilikuwa ya kihasibu: Sun ilikuwa na wafanyakazi wapatao 42,000, na kuinunua kampuni nzima kulikuwa na gharama ndogo kuliko kuwalipia wote leseni za Microsoft. Tafakari hilo, msomaji. Kampuni tajiri ya Marekani iliiona bei ya kalamu, ikaamua ni afadhali kununua kiwanda cha kalamu.

Mnamo Oktoba 2000 Sun iliuweka hadharani msimbo wa programu hizo, yaani yale maandishi ya ndani ambayo wahandisi huyaandika na ambayo kampuni nyingine huyaficha kama siri ya kaburini. Ndipo ilipozaliwa OpenOffice. Yeyote aliruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, kuibadilisha, na, jambo linalotuhusu sisi zaidi, kuitafsiri bila kumpigia mtu magoti. Sun iliponunuliwa na Oracle mwaka 2010, sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo ndiyo inayoendelezwa kwa bidii hadi sasa.

Dar es Salaam haikusubiri. Mnamo Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 katika mradi ulioitwa Kilinux, kilizindua Jambo OpenOffice: kichakata matini na wenzake, kikiwa na menyu za Kiswahili. Nchini Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitayarisha orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili kwa ajili ya programu hizo huria. Orodha hiyo bado imo katika hazina ya kamusi za LibreOffice, na kichekesho ni kwamba imebandikwa lebo ya Kiswahili cha Tanzania. Msomi ni wa Njoro, lebo ni ya Dodoma; Kiswahili hakiulizi pasipoti. Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzitafsiri Windows na Office kwa Kiswahili, na pakiti za lugha zikafuata. Sidhani ilikuwa sadfa. Mwenye duka huipaka rangi milango yake anapoona jirani amefungua duka.

Mashine ndogo bila mlango

Sasa tuje kwa kile kipakatalishi kidogo chenyewe. Mnamo Oktoba 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilianza kuuza Eee PC: skrini ya inchi saba, uzito usiofika kilo moja, hifadhi ya gigabaiti 4. Mwaka huo huo mradi wa Nicholas Negroponte wa kumpa kila mtoto tarakilishi ulianza kutoa mashine zake za kijani na nyeupe, ambazo jirani zetu wa Rwanda walizichukua kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Mashine zote mbili zilikuja na kalamu ndani. Ile ya watoto ilikuwa na programu ya kuandikia iliyojengwa juu ya AbiWord, kichakata matini huria chepesi. Eee PC ilikuja na Linux na OpenOffice kamili. Hazikudai pesa baada ya mwezi mmoja wala leseni ya pembeni. Ulifungua, ukaandika.

Jibu la Microsoft lilikuja haraka. Mnamo Aprili 2008 ilitangaza kwamba Windows XP, iliyokuwa karibu kustaafishwa, ingeendelea kuuzwa kwa ajili ya mashine hizi ndogo na za bei nafuu. Wanunuzi wengi waliipendelea kwa sababu waliizoea. Lakini kwa kuipata Windows waliipoteza kalamu. Mashine ndogo yenye Windows ilikuja ama bila kichakata matini cha maana, ama na toleo la majaribio la siku 60. Mnamo 2010 likatoka Office Starter, toleo la bure la Word lililopunguzwa uwezo na lenye matangazo ya biashara pembeni mwa ukurasa, na ambalo lilipatikana tu likiwa limeshawekwa na mtengenezaji wa mashine. Uandike shairi lako, tangazo linakukodolea macho.

Kwa mnunuzi wa Nairobi au Kisumu kulikuwa na kikwazo kingine, nacho ni cha kuchekesha kwa mbali. Programu ziliuzwa kwenye sidii, na mashine hizi ndogo hazikuwa na mlango wa sidii. Unashika sidii mkono mmoja na kipakatalishi mkono wa pili, na haviwezi kukutana. Kupakua kutoka mtandaoni nako? Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na saibakafe zilitoza shilingi kwa dakika. OpenOffice ilikuwa faili ya zaidi ya megabaiti 100. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliipakua kwa mikupuo, usiku, ofisini alikofanya kibarua, akaileta darasani kwenye flashi. Kufikia muhula uliofuata flashi hiyo ilikuwa imezunguka idara nzima. Hakuvunja sheria yoyote, maana leseni yenyewe inasema: gawa.

Linganisha na yule kijana wa mia tano. Anachokiweka ni nakala ya wizi, aghalabu ikiwa na virusi vya ziada visivyolipiwa. Watu wengi waungwana ambao hawangegusa kuku wa jirani huona hilo si neno. Nawakumbusha jambo moja la kisheria ambalo mtu wa fasihi anapaswa kulijua: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huzihesabu programu za tarakilishi katika kundi la kazi za kimaandishi, kundi lile lile la riwaya, tamthilia na mashairi. Machoni pa sheria, kichakata matini nacho ni maandishi, kina waandishi wake. Mwandishi anayelalamika kwamba riwaya yake inatolewa fotokopi vichochoroni, huku akiiandika nyingine kwa programu ya wizi, ana kesi ngumu.

Mstari mwekundu

Turudi kwa lugha, ambako ndiko kiini kilipo. Mwaka 1995 Word ilianza kuchora mstari mwekundu wa mawimbi chini ya kila neno isilolijua, pale pale unapoandika. Kwa Mwingereza ulikuwa msaada. Kwa mwandishi wa Kiswahili ukurasa mzima uligeuka mwekundu, kama daftari la mwanafunzi aliyeanguka mtihani. Nimewaona wanafunzi wakiutazama mstari ule chini ya neno sahihi kabisa kama mwafaka au taswira, wakasita, kisha wakalibadilisha. Mashine haikusema “silijui neno hili”. Ilisema “umekosea”, na vijana waliiamini. Hapo ndipo ule upande wa pili wa bahati yetu ulipojitokeza. Mashine ilizikubali herufi zetu zote, ikayakataa maneno yetu yote.

Kwa nini usitengenezwe ukaguzi wa Kiswahili kwa orodha tu ya maneno ya kamusi? Chukua kitenzi kimoja, andika. Nafsi sita zikikutana na viambishi vinne, na-, li-, ta- na me-, unapata maumbo 24. Weka ukanushaji, yanakuwa 48. Yapitishe katika andika, andikia, andikwa, andikisha na andikiana, yanafika 240. Na bado hatujagusa viambishi vya mtendwa, virejeshi, -nge- na -ngali-, wala ngeli nyingine. Mzizi mmoja unazaa maelfu ya maneno halali, na kamusi inaonyesha machache tu kati yake. Ukaguzi wa kweli wa Kiswahili lazima uijue sarufi, usitegemee orodha peke yake.

Kazi hiyo ya sarufi ilianza zamani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kujenga uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili kwa tarakilishi mwaka 1985, kazi iliyokuja kujulikana kama SALAMA. Na si bure kwamba msaada ulitoka kwa Wafini na majirani zao wa kiisimu. Kifini na Kihungari, kama Kiswahili, hubebesha neno moja viambishi vingi. Kikagua tahajia kinachotumiwa na LibreOffice, Hunspell, kiliundwa na Mhungari László Németh kwa sababu vilivyotangulia, vilivyoundwa kwa mazoea ya Kiingereza, vilishindwa kuimeza lugha yake. Chombo kilichotengenezwa na mwenye shida kama yako hukufaa kuliko cha tajiri asiyeijua shida hiyo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hebu sasa tuulize: baada ya Jambo OpenOffice, nini? Programu si kitabu ambacho ukishakitafsiri kinabaki vile vile rafuni. Kila toleo jipya huja na menyu mpya, ujumbe mpya, na tafsiri isiyofuatiliwa huzeeka kama maziwa. Nimewauliza wanafunzi wa shahada ya kwanza, mwaka baada ya mwaka, ni nani amewahi kuisikia Jambo OpenOffice. Mikono inayoinuliwa haijazidi vidole vya mkono mmoja. Wakati huo huo tunaendelea kujadiliana makongamanoni kama tuseme tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Kama mouse ni kipanya au puku. Mjadala ni mzuri, lakini istilahi haishindi kongamanoni. Hushinda kwenye kitufe. Neno ambalo mtu analibonyeza mara hamsini kwa siku, hifadhi, nakili, bandika, hilo ndilo litakalobaki mdomoni mwake, na hatahitaji kulikariri. Anayeandika maneno ya menyu ndiye mwanakamusi mwenye wasomaji wengi kuliko wote.

Siku hizi kalamu inakodishwa. Tangu 2006 Google imetupa cha kuandikia mtandaoni, bure kwa anayekubali maandishi yake yakae kwenye mashine za Google na mwenye bando la kutosha. Tangu 2011 Microsoft imekuwa ikiuza Office kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Ukiacha kulipa, kalamu inakauka wino, ingawa daftari ni lako. Sivipingi vyombo hivi, navitumia mwenyewe kazini. Ila mwanafunzi mwenye kipakatalishi kidogo, pesa chache na bando la kuhesabu anastahili kujua kwamba ipo njia ya tatu, na kwamba haina haramu ndani yake. Aipakue LibreOffice kwenye Wi-Fi ya chuo. Mashine yake ikiwa dhaifu mno, ajaribu AbiWord. Kazi zake azihifadhi katika fomati huria ya ODF, iliyokubaliwa kuwa ya kimataifa tangu 2006, kisha atoe nakala ya Word kwa mhadhiri anayeitaka. Na kabla ya kuandika aya ya kwanza, aiweke lugha ya matini kuwa Kiswahili. Mistari mingi myekundu itatoweka. Itakayobaki ndiyo kazi yetu.

Nasema kazi yetu kwa maana halisi. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na tangu 2021 UNESCO imekitengea Julai 7 kuwa siku yake. Hotuba zimetosha. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, na hapa pana mada ya kutosha miaka kumi: sarufi ya vitenzi kwa ajili ya Hunspell, istilahi za menyu, majina ya mahali, msamiati wa sheria na sayansi. Si lazima mtu awe mhandisi. Faili la maneno ni matini tupu, na anayejua viambishi vya Kiswahili anajua tayari nusu ya kazi ambayo mhandisi haijui.

Hata msomaji wa kawaida ana mchango. Kila unapoandika neno sahihi na mashine ikalichorea mstari, unaweza kubonyeza na kuchagua liongezwe kwenye kamusi. Ukifanya hivyo katika LibreOffice, neno linakwenda kwenye faili dogo lisilo na siri yoyote, unaloweza kulifungua na kulisoma. Maelfu ya waandishi, walimu na wahariri wa Kiswahili wana orodha hizo kwenye vipakatalishi vyao, kila mmoja peke yake, na mashine ikiharibika orodha inakufa nayo. Idara moja tu ikijitolea kuzipokea, kuzichuja na kuzirudisha kwenye hazina ya umma, mstari mwekundu utaanza kurudi nyuma, neno kwa neno.